Shangazi Anajibu: Sidiria Zilizovaliwa Ziende Pasifiki?

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Logan, Queensland, Australia, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazini wameweka boksi la kukusanya sidiria zilizovaliwa, zipelekwe kwa wanawake wa Fiji, Vanuatu na Papua New Guinea. Mimi ninazo nyingi. Baada ya mtoto wa tatu mwili ulibadilika, za zamani hazinitoshi, na nyingine nimezivaa mara chache tu. Wifi yangu anasema ni aibu kumpa mtu nguo ya ndani iliyogusa mwili wako, hata maskini ana heshima yake. Mwenzangu wa kazini ambaye ni Mfiji nilipomuuliza alicheka tu akaenda zake. Nimebaki njia panda. Nitoe au nisitoe?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Toa. Ila usitoe zote, na kabla hujazitumbukiza kwenye hilo boksi uliza zinakwenda kwa nani.

Wifi yako usimbeze. Kuna watu wanaotoa ili kabati lao lipate nafasi, na anayepokea huliona hilo mara tu anapofungua mfuko. Lakini ukisema kila iliyovaliwa ni dharau, utamnyima mtu kitu anachokitafuta kwa taabu.

Nimeishi Suva, mji mkuu wa Fiji, miaka kadhaa, mume wangu akifundisha Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini pale Laucala. Usidhani wanawake wa kule hawajui sidiria au hawana maduka. Maduka yapo, na mitumba ipo. Tatizo ni saizi. Zinazojaa kwenye meza ni ndogo na za kati, nyepesi, ukizifua miezi michache mpira umekwisha. Mwanamke mwenye kifua kikubwa, na kule ni wengi, anataka mkanda mpana, vikombe vyenye kina, kulabu tatu au nne nyuma. Akiipata, bei yake inamfanya airudishe mezani. Kima cha chini cha mshahara Fiji kilipandishwa Aprili 2025 kikafika dola 5 za kule kwa saa. Sidiria imara inaweza kula ujira wa siku nzima, na nyumbani wanasubiri unga, sukari na nauli ya basi. Huyo ni wa Suva, anayefika dukani kwa miguu. Wa visiwa vya mbali vya Lau anasubiri meli.

Nilikuwa na jirani aliyeuza magimbi sokoni. Jumamosi alikaa juu ya gunia tangu alfajiri hadi jioni, na Suva, wanaoijua wanajua, jua likipungua mvua inashika zamu, hewa haikauki. Siku moja alinionyesha mabega yake: mifereji miwili myekundu, mahali kamba nyembamba za sidiria zilipokuwa zinakata nyama. Chini ya matiti ngozi ilikuwa imechubuka, imelowa, ina fangasi. Nesi alimpa dawa ya kupaka, akamwambia pakauke, na avae kitu cha pamba kinachonyanyua ili ngozi isikae juu ya ngozi. Dawa aliipata bure zahanati. Hicho cha kunyanyua ndicho kilichomsumbua. Kwa hiyo mtu akiniambia sidiria ni urembo tu, namkumbuka yule mama.

Sasa keti chini na zako, moja moja. Anza na mkanda wa chini unaozunguka kifua, maana huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Mabega yanasaidia tu. Ushike kwa mikono miwili, uvute, uachie. Ukirudi upesi, ni mzima. Ukirudi kivivu, au ukibaki umejikunja ukingoni kama jani la muhogo lililokauka, hiyo si ya kumpa mtu. Angalia pia ulikuwa unafungia kulabu ya mstari upi. Sidiria mpya hufungwa mstari wa nje, na kadiri mpira unavyolegea unasogea ndani. Kama ulishafika mstari wa ndani kabisa, umeshaimaliza wewe mwenyewe. Halafu pitisha kidole chini ya vikombe, kwenye ncha za waya. Waya uliokwisha kutoboa kitambaa utamchoma, na kwenye hewa ile ya chumvi utashika kutu na kuacha madoa ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Za bila waya zinapendwa zaidi kwa sababu hiyo, na anayenyonyesha hahitaji kitu kinachombana. Zako za kunyonyeshea, kama bado ni nzima, weka za kwanza.

Zilizobaki zifue, uzianike hadi zikauke kabisa, ufunge kulabu zisikwaruzane. Unyevu kidogo tu ndani ya boksi lililofungwa wiki nyingi baharini, linafunguliwa limejaa ukungu. Chupi zilizovaliwa usiweke hata moja, hata kama boksi halikukataza.

Jambo la nia nalo nataka tuliseme wazi. Wamisionari wa karne ya 19 walipofika visiwa vile waliwakuta wanawake wakivaa kwa desturi yao, wakaona ni utupu, wakawavalisha magauni marefu mapana. Vanuatu gauni lile wamelifanya lao, lina riboni na rangi kali, leo ni vazi la sherehe na wanalivaa kwa fahari. Ndiyo kusema habari ya wageni kuja kuwasitiri wameisikia mapema kuliko sisi. Kama tangazo la kwenye hilo boksi linaongea kana kwamba kuna wanawake wanasubiri kustiriwa, linakosa adabu, na huenda ndilo lililomchekesha mwenzako. Au alikuwa anaona haya tu. Mfuate tena, mkiwa wawili, umuulize kwao wanahitaji nini. Yeye anajua kuliko mimi.

Haya hiyo ina mizizi. Fiji, kaka na dada, na hapo wamo binamu wa upande wa baba mkubwa na mama mdogo, wana miiko baina yao. Kwa desturi hawataniani na mambo ya mwili hayatajwi wakiwa pamoja. Niliwahi kuwepo kwenye ukumbi wa kijiji boksi kama hilo lilipofunguliwa na mgeni mwenye moyo mzuri kabisa. Wanaume wameketi wamezunguka bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, yeye akainua sidiria ya kwanza juu akauliza nani anavaa saizi hii. Wasichana waliinamisha vichwa, kisha wakatoka mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja mzee aliinuka bila kusema neno, akatandaza kitambaa juu ya boksi, akaagiza lipelekwe nyumbani kwake. Jioni wanawake walikwenda huko, mlango ukafungwa, wakajaribishana kwa nafasi wakicheka, na hakuna iliyobaki. Boksi lilelile, watu walewale.

Kwa hiyo waulize wenye boksi: kule linapokelewa na nani? Kama ni kikundi cha wanawake, chama cha wanawake wa kanisa au zahanati, sawa. Vikundi vya namna hiyo vina mizizi. Fiji wana Soqosoqo Vakamarama tangu mwaka 1924, na matawi yake yako hadi vijijini. Uliza kama wameomba, na wameomba saizi gani. Uliza nani analipia usafiri na kulitoa bandarini. Wakijibu kwamba wanatuma tu popote penye shida, zako baki nazo.

Hapo nasema kwa uchungu. Kimbunga Pam kilipoipiga Vanuatu Machi 2015, na Winston kilipoipiga Fiji Februari 2016 kikaua watu 44, dunia ilituma makontena ya vitu visivyoombwa. Viatu vya visigino virefu, masweta ya sufu, vyakula vilivyokwisha muda. Vilijaa bandarini, na gharama za kuvihifadhi na kuvitupa zikawaangukia wenyeji, wakati watu hawana mabati. Katika wiki zile mwanamke aliyepoteza nyumba anahitaji vitu vipya: sabuni, taulo za kike, chupi, tochi ya kumwongoza chooni usiku. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu hugawa vifurushi vya aina hiyo. Msimu wa kimbunga toa pesa, sidiria zako zingoje.

Na wifi yako mpe hili swali: zile mlizopeana kati yenu ndugu, ambazo dada alinunua zikambana, je, nazo zilikuwa aibu?

SWALI: Shangazi, mke wangu alifariki mwaka jana hapa Auckland, New Zealand. Nguo zake nimeshagawa, zimebaki sidiria. Kuzitupa siwezi, na kumuuliza mtu naona haya. Naishi Māngere.
Baba Mpweke

JIBU: Pole sana baba. Mungu ampumzishe.

Uko mahali pazuri kwa jambo hili, maana majirani zako wengi ni Wasamoa na Watonga, na hao hawahitaji boksi la mtu. Wana desturi ya kujaza mapipa na kuyatuma kwa ndugu zao visiwani. Volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka Januari 2022, Watonga wa Auckland walipanga foleni uwanja wa Mt Smart na mapipa yao, kila familia ikijua inamtumia nani. Shangazi anayejaza pipa anajua kifua cha mpwa wake kuliko shirika lolote.

Wewe usizipeleke mwenyewe. Mtafute mwanamke mtu mzima, dada yako, binti yako kama amekua, au mama wa kanisani, azipitie kama nilivyomweleza Mama wa Watatu na yeye ndiye azungumze na jirani. Amwambie ukweli kwamba ni za marehemu. Wengine watapokea kwa moyo mmoja, wengine watakataa, na anayekataa asilaumiwe. Kama kuna moja hutaki iondoke, isiondoke, wala huna haja ya kumweleza mtu.

Saizi iko kwenye kile kitambaa kidogo nyuma, karibu na kulabu. Mara nyingi maandishi yanakuwa yamefutika kwa kufuliwa. Mwambie huyo mama aipime kwa futi ya fundi cherehani, aandike kwenye karatasi na kuibana kwa pini, maana anayejaza pipa hataki kubahatisha.