Krediti 64 zimepokelewa zote, mbona bado miaka mitatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) hapa Sacramento, nina krediti 42, nataka kuhamia UC Davis (Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis) kusomea uhandisi mitambo. Rafiki yangu alihama na krediti 64, zikapokelewa zote, lakini ameambiwa bado ana miaka mitatu. Imekuwaje? Halafu, kabla ya kuja Marekani nilisoma mwaka mmoja chuo kikuu Dar es Salaam na matokeo hayakuwa mazuri. Naweza kutoyataja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kozi kupokelewa ni jambo moja, kutimiza masharti ya digrii ni jingine. Saikolojia na historia zinaongeza jumla ya krediti, ila haziwezi kushika nafasi ya kalkulasi. Na uhandisi hausomwi kwa kuruka: huingii fizikia ya pili bila ya kwanza, wala ya kwanza bila kalkulasi. Nadhani rafiki yako alifika na krediti tele huku mnyororo huo hajauanza, na mnyororo ndio unaokula miaka.

Kwa hiyo leo hii fungua tovuti ya assist.org. Chagua chuo chako, UC Davis, kisha fani yako. Utaona kila kozi ya Davis na ile ya kwenu inayolingana nayo. Soma kwa makini palipoandikwa kozi mbili au tatu kwa pamoja, hasa kwenye fizikia. Hapo lazima uzimalize zote ndipo zihesabike. Ukihama katikati unaweza kulazimika kurudia. Naliona hili kila mwaka kwa vijana wenye bidii, na linaniuma.

Kwa mhandisi, hesabu na fizikia zitangulie. Masomo ya jumla, yale ya Cal-GETC (mpango wa masomo ya jumla kwa wanaohama kutoka vyuo vya jamii vya California), yajaze nafasi zinazobaki.

Ili uingie mwaka wa tatu unahitaji krediti 60 zinazohamishika. Chuo chako kinahesabu kwa semesta, Davis wanahesabu kwa robo mwaka, hivyo 60 zako kwao zitasomeka 90, usishtuke. Dari ya krediti za chuo cha jamii wanazopokea ni 70, kwa hesabu ya chuo chako. Ukizidisha, somo bado linatimiza sharti, ila krediti za ziada haziingii kwenye jumla.

Kuhusu Dar es Salaam: taja. Fomu ya UC inataka vyuo vyote ulivyosoma, hata vya nje ya Marekani, na ukigundulika umeficha unaweza kunyang'anywa nafasi ukiwa umeshapokelewa. Matokeo dhaifu ya zamani yanaelezeka kwenye insha zako, tena mwaka huo unaonyesha ulikotoka. Anza kuomba transkripti (rekodi rasmi ya matokeo) sasa, maana kutoka nyumbani huchukua muda, na maombi ya UC huanza kupokelewa tarehe 1 Oktoba. Ukienda kwa mshauri wa chuo chako, mpelekee ukurasa wa assist.org ukiwa umeuchapisha, na kozi ulizomaliza umezipigia mstari.