Muulize Nesi: Wageni wa kuota jua bila nguo

SWALI: Shikamoo Nesi. Nina nyumba mbili za kupangisha wageni kando ya Ziwa Victoria, huku Ukerewe. Mwezi ujao nawapokea mume na mke wa makamo kutoka Ujerumani. Wameniandikia bila kificho kwamba kwao ni wanachama wa chama cha watu wanaoota jua bila nguo, na wangependa kukaa hivyo ndani ya uzio wangu. Uzio ni wa matete, umepita kimo cha mtu. Wananiuliza wavae nini miguuni na wajipake nini. Nijibu nini? Mke wangu ameninunia tangu asome ujumbe ule.
Mwenye nyumba, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwanangu. La mkeo kalimalizeni wenyewe. La uzio nalisema mara moja: ndani ya matete yako ni faragha yao, lakini ufukweni, mtumbwini na pale watoto wanapochota maji, nguo mwilini. Hapa kwetu kukaa uchi hadharani ni kesi ya polisi, achilia mbali aibu. Waambie kabla hawajakata tiketi. Ujerumani jambo hili lina zaidi ya miaka mia moja, lina vyama na fukwe zake maalumu, kwa hiyo kuonyeshwa mpaka hakutawaudhi.

Sasa jua. Jua walilolizoea huko kwao huja kwa mshazari hata kiangazi. Wewe uko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ya kulichuja jua imepungua. Mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi linasimama utosini kabisa. Tena linafika utosini karibu saa saba kasoro robo, si saa sita, kwa sababu sisi wa magharibi ya nchi tunafuata saa ileile ya watu wa pwani. Wageni wako waote jua asubuhi mpaka saa nne, kisha warudi uwanjani saa kumi. Katikati hapo ni chini ya mwembe. Upepo wa ziwa usiwadanganye: unapoza ngozi, hauzuii kuungua. Mawingu nayo hupitisha sehemu kubwa ya miale.

Mafuta ya kukinga jua yawe na SPF, yaani kipimo cha kinga, ya 30 au zaidi, na hapa ndipo watu hujipunja. Mtu aliyevaa nguo anapaka uso na mikono, basi. Asiye na nguo anahitaji kama mililita 35 kwa mwili mzima, yaani vijiko saba vya chai, na arudie kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Wakipaka mara mbili tu kwa siku, wawili hao watamaliza chupa ya mililita 200 siku ya pili. Waje nayo ya kutosha, kwenye duka la dawa la kijijini wasiitegemee. Na usiwauzie mafuta ya nazi wala ya mgando kwa kazi hiyo. Yanalainisha ngozi tu. Makalio, matiti, nyuma ya magoti na juu ya nyayo husahaulika sana. Sehemu za siri mimi nisingezitegemeza kwenye mafuta hata kidogo. Wape kanga mbili kila mmoja, moja ya kujifunika, moja ya kukalia. Ustaarabu wao wenyewe unadai mtu akalie kitambaa chake, nawe viti vyako vitabaki safi.

Miguuni, kandambili ni za bafuni. Juu ya mawe yetu yenye ukoga zinateleza, na kwenye tope unaziacha nyuma. Ya kuingilia majini ni yeboyebo zenye mkanda wa kisigino, pale sokoni Makoroboi, Mwanza, hutazikosa. Zinakinga ndoana, vigae vya chupa na makombe ya konokono. Ila matundu yake yatawachora nyayo kwa jua wasipopaka. Kwenye miamba ya mchana na miiba, katambuga, zile ndala za tairi. Kama uwanja wako una vumbi na mbuzi wanalala humo, wavae raba na soksi, maana funza hapendi mlango uliofungwa.

Lakini hakuna kiatu wala mafuta yanayozuia kichocho, na hili ndilo ningekuandikia hata usingeuliza. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji, hasa mchana wa jua, vikapenya ngozi yoyote iliyolowa, na mtu wa uchi amevifungulia mwili mzima. Usiwaogeshe ziwani. Vuta maji kwenye simtanki, yakae siku mbili ndipo yaende bombani. Vijidudu vitakuwa vimekufa. Wakiingia ziwani kwa ubishi, wapime wiki sita hadi nane baadaye huko kwao, kwa kuwa praziquantel, dawa ya kichocho, haiui minyoo ambayo bado ni michanga.

Giza likiingia, wavae. Mbu wa malaria haulizi uanachama.

SWALI: Nesi, navua dagaa, mchana nalala mtumbwini kifua wazi. Mimi mweusi tii. Haya ya jua yananihusu?
Kijana wa Kirumba

JIBU: Yanakuhusu, mdogo wangu, ingawa kidogo kuliko hao wazee. Weusi wako unapunguza kuungua, hauondoi. Wasiwasi wangu zaidi ni macho: jua na vumbi la miaka huotesha kinyama kutoka pembeni ya jicho. Vaa kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, la mtumba linatosha. Ukiona kinyama kimeanza kusogelea mboni, nenda kliniki ya macho, usitie maziwa wala dawa ya kuazima.