Maswali ya Wasomaji: Insha yenye sentensi za sura moja

SWALI: Mhariri, ninafundisha Kiswahili Kidato cha Pili katika shule ya kutwa wilayani Temeke. Insha za wanafunzi wangu hazina makosa mengi ya tahajia, lakini sentensi zake zote zina sura moja: tulikwenda, tulipanda, tuliona, tulirudi. Sentensi sahili (za wazo moja), ambatano (zinazounganisha sentensi zinazojitegemea) na changamano (zenye sehemu inayoitegemea nyingine) nimewafundisha, na katika zoezi wanazitambua bila shida. Kwa nini hawazitumii wanapoandika?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Mwalimu, kutambua sentensi changamano iliyotungwa na mtu mwingine ni kazi moja, na kuiunda kutokana na wazo lako mwenyewe ni kazi nyingine, ambayo mara nyingi tunaiacha bila kuifundisha. Weka kando kwa muda mifano uliyoitunga wewe, uandike ubaoni aya ya mwanafunzi. Tuseme ameandika: "Tulifika Feri. Tulipanda kivuko. Kivuko kilikuwa kimejaa. Mama alinishika mkono. Tulivuka hadi Kigamboni."

Waulize kwanza matukio hayo yanahusianaje: lipi lilitangulia, lipi lilikwenda sambamba na jingine, lipi linaeleza hali tu. Majibu yao ndiyo yatakayochagua muundo, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kina viambishi vya kubeba uhusiano huo: -po- ya wakati, -ki- ya matukio sambamba, -ka- ya mfuatano, pamoja na virejeshi, kama -cho- katika "kilichokuwa". Mmoja ataandika: "Tulipofika Feri tulipanda kivuko kilichokuwa kimejaa, mama akiwa amenishika mkono, tukavuka hadi Kigamboni." Mwingine ataanza na kivuko: "Kwa kuwa kivuko kilikuwa kimejaa, mama alinishika mkono." Huyu wa pili, kwa maoni yangu, amefanya jambo kubwa zaidi, maana ameipa insha sababu ambayo mwanzoni haikuwamo.

Jihadhari na amba-. Wanafunzi wakishaambiwa waunganishe sentensi huitumia kila mahali, na wengine huandika "kivuko ambacho kilichojaa", wakirudia kirejeshi mara mbili. Waoneshe kwamba vitenzi vyenye -li-, -na- na -taka- hupokea kirejeshi ndani yake, ilhali vyenye -me- huhitaji amba-, kama katika "abiria ambaye amechelewa".

Wala usiwakataze sentensi fupi. Baada ya ile sentensi ndefu ya kivuko, neno "Niliogopa" likisimama peke yake litamgusa msomaji kuliko maelezo ya mistari mitatu.

Najua madarasa ni makubwa. Mwambie kila mwanafunzi achague aya moja ya insha aliyokwisha kuiandika, apige mstari chini ya neno la kwanza la kila sentensi ili aone mwenyewe jinsi yanavyofanana, amsomee mwenzake kwa sauti, kisha aiandike upya. Sahihisha aya hiyo peke yake, na alama uzitoe kwa jinsi mawazo yalivyounganishwa, si kwa idadi ya sentensi changamano alizoweza kupachika.