Kodi Umeihamishia Sheli

*Shangazi, nina miaka 41 na watoto wawili. Tulikuwa tumepanga Tabata kwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwaka 2021 niliihamishia familia kwenye nyumba yangu mwenyewe Chanika. Badala ya kushukuru, mke wangu amebadilika. Anauza vitenge Kariakoo, anarudi saa tatu usiku, haongei, na Ijumaa analala kwa dada yake Buguruni. Sasa anataka turudi kupanga, eti mafuta yamepanda. Mimi naendesha hadi Posta, nampitia mfanyakazi mwenzangu Pugu. Mke wangu anapanda daladala kwa sababu ratiba zetu haziendani. Nahisi ana mtu. Nifanyeje?*
*Baba Mwenye Nyumba, Chanika*

Pole, mwanangu. Kujenga Dar si mchezo, na kukosa amani ndani ya nyumba yako kunauma. Pole yangu inaishia hapo.

Kariakoo na Posta ni pua na mdomo. Gari lako linapita Gongo la Mboto kila asubuhi, na mkeo yuko palepale kituoni anagombania daladala ya pili. Halafu unauliza kwa nini haongei usiku! Na huyo wa Pugu ni mwanamume au mwanamke? Hukusema, nami nimeona kwamba hukusema.

Tupige hesabu uliyoikwepa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70, gari la kawaida linakunywa lita saba. Hata lita ikiwa 3,000, hiyo ni 21,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi inafika 462,000. Uliikimbia kodi ya laki mbili na nusu, ukaenda kuilipa sheli karibu mara mbili. Nauli ya mkeo sijaigusa bado.

Wala sikulaumu kwa kununua kiwanja. Mwaka 2020 korona iliangusha bei ya mafuta duniani, petroli ya Dar ikakaribia 1,500, na Chanika ilionekana karibu. Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine, lita ilifika 3,410. Nauli ya daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 400 ikawa 500 Mei 2022, Desemba 2023 ikawa 600. Mkeo anakwenda zaidi ya kilomita 30 kabla hajauza hata kitenge kimoja. EWURA, wanaopanga bei kikomo ya mafuta, wakitangaza imepanda, nyumba yenu inazidi kuwa mbali na mji.

Mkeo ameliona hilo, wewe umeliita kisingizio. Ijumaa analala Buguruni kwa sababu Buguruni ni karibu na biashara yake na mwili una kikomo. Mwanamke mwenye hawara hakuombi mhamie wote mjini, mkae chumba kimoja, umwone kila jioni.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Mwanamume ananunua kiwanja kimyakimya, anamwonyesha mke msingi ukiwa umeshamwagwa zege, kisha anadai shukrani. Hakumuuliza soko liko wapi, watoto watasoma wapi, nani ataamka saa kumi alfajiri kuwaandaa. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya yako kuna mwanamke aliyechoka na watoto wanaomwona baba yao Jumapili.

Hukumu yangu: mkeo ana haki. Nyumba usiiuze. Ipangishe, hata kwa kodi ndogo, na mtafute vyumba viwili Buguruni au Ilala. Gari liwe la Jumapili. Kabla ya hapo, mwombe radhi kwa kumshuku, na umwonyeshe risiti za mafuta za mwezi mzima, hata zile ulizokuwa unazitupa.

Na kesho asubuhi kiti cha mbele ni cha mkeo. Huyo wa Pugu akae nyuma.