Redio ya mtaa: natoa mchango, na kinyongo ninacho

Kuna aliyeuliza kama kuna haja ya kuchangia redio ya mtaa na KBC, shirika la utangazaji la taifa hapa Kenya, ipo, tena inakula kodi yetu. Mimi huchangia ya mtaani kwetu huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, shilingi mia mbili kila mwisho wa mwezi, nikibanwa mia. Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, ila msidhani natoa nikichekelea.

KBC kwanza, tuimalize. Nimekulia nyumba ambayo redio ilikuwa hiyo tu: taarifa ya habari ya saa saba, matangazo ya vifo, salamu, na marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, kwenye kipindi chake, akituuliza kama huu ni ungwana. Siidharau hata kidogo. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinataka chombo cha habari cha serikali kijiamulie chenyewe cha kutangaza, kisipendelee upande, na kiwape nafasi wenye maoni tofauti. Kama hayo yanatimizwa, kila mtu ana masikio yake. Lakini KBC ni ya nchi nzima. Haiwezi kukatiza kipindi iniambie kivuko cha kwetu kimesombwa na maji.

Redio ya mtaa ilikatiza. Mafuriko ya Aprili 2024, stesheni kubwa zilikuwa zinasema Nairobi imefurika, basi. Yetu ilikuwa inataja vichochoro, na kanisa gani limefungua mlango watu walale. Stima ilikuwa imepotea, wao wana jenereta, nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa studio nikingoja simu ijae chaji. Akaingia mama amelowa mpaka kiunoni, amebeba mtoto asiye wake. Mtoto hasemi jina. Ukimuuliza baba yuko wapi anajibu, "Anauza mayai." Kijana aliyekuwa kwenye maiki akatangaza hivyo hivyo: baba muuza mayai, mtoto wa sweta nyekundu, njoo studio. Wimbo uliofuata haukuisha kabla mzee hajatokea, kiatu mguu mmoja. Kodi yangu haijawahi kuninunulia kitu kama hicho.

Sasa, kwa nini wanaomba? Kwa sababu leseni ya redio ya jamii si ya kutafuta faida, na mtambo wenyewe ni mdogo. Angalieni 99.9 FM hapa Nairobi: ukiwa mtaa wa Kibera ni Pamoja FM, ukiwa mtaa wa Korogocho ni Koch FM, masafa yale yale, kwa kuwa hakuna inayofika kwa mwenzake. Hizo mbili ziko hewani tangu 2007 na 2006, na Pamoja ilisifiwa sana kwa kuwasihi watu wa Kibera watulie wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Lakini sifa hailipi bili ya stima. Mwenye kampuni ya unga anataka kusikika kuanzia Mombasa hadi Busia. Anayetaka kusikika vichochoro vitatu ni kinyozi, na kinyozi hulipa kwa kunyoa watangazaji.

Ndipo linapoanzia linaloniudhi. Pengo la pesa huzibwa na wafadhili, na mfadhili huja na kipindi chake mkononi. Kuna msimu tulifundishwa kunawa mikono asubuhi, mchana na jioni, sauti tamu kabisa, na mifereji ya plotini ilikuwa imekauka wiki nzima. Nikapiga simu hewani kuuliza maji yatarudi lini. Nikaambiwa, kwa adabu, hiyo si mada ya leo. Mada ya leo! Uchaguzi ukikaribia wafadhili huwa wanasiasa. Mheshimiwa alileta spika mpya, na kwa miezi kadhaa sikumsikia mtu hewani akiuliza barabara aliyotuahidi imefika wapi. Spika ni nzuri, lazima niseme.

Halafu vijana wenyewe. Wengi wanajitolea, wakipata nauli ni bahati. Akishaiva, stesheni ya mjini inamchukua. Yule wa baba muuza mayai ameshaenda, sasa anawapigia nyimbo za mapenzi waliokwama barabarani wakati wa msongamano. Nilimfurahia kwa dhati na nikakasirika pia, maana mia mbili zetu ndizo zilimfundisha kushika maiki.

Na kuchangia kwenyewe, hapa Nairobi nani hajachoka? Fungua WhatsApp: matanga, bili ya hospitali, harusi ya binamu, karo. Lakini kwenye matanga kuna mweka hazina anayesoma orodha na jumla, hata kama ni kwa kunong'ona. Redio husoma majina yetu hewani, "asante sana mama wa mboga, shilingi hamsini," jumla sijaisikia hata siku moja. Hilo ndilo linalonikera kuliko spika za mheshimiwa. Siwatuhumu wizi. Nataka tu wanione kama mmoja wa wenye redio.

Kwa hivyo wewe uliyeuliza, toa. Toa kidogo, kiasi ambacho hutakisikitikia, na utume kwa nambari iliyosajiliwa kwa jina la redio, si simu ya mtangazaji. Kisha uliza mkutano wa wasikilizaji ni lini na hesabu zitasomwa na nani. Mimi nimeuliza kwa ujumbe, wakanijibu "asante kwa kutusikiliza" na wimbo wakanipigia. Tukiuliza wengi watakosa nyimbo za kutosha.