Usiiimbie Jamii, Mwimbie Mtu

Kijana mmoja wa Urambo, baada ya kunipa shikamoo, ameniuliza afanye nini ili nyimbo zake ziielimishe jamii, kwa kuwa wimbo alioutunga wa kuhimiza amani, usafi na uzalendo haujapigwa hata kwenye harusi ya binamu yake. Kwa kuwa wengi wenu mnaonisoma mnashika gitaa au mnafundisha kwaya kwa ndoto hiyohiyo, namjibu hapa.

Hapa Unyamwezini kazi hiyo ilikuwa ya manju, yaani mtunzi na mwimbaji wa ngoma, kabla redio haijafika. Manju alimwimba mvivu, mchoyo au mkubwa aliyejisahau, wasikilizaji wakijua ni nani, na akishindana na manju mwenzake umati ulimfuata aliyewagusa. Mwanamuziki Remmy Ongala naye, alipotoa Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu, alinyimwa nafasi Radio Tanzania, lakini wimbo ulienea kwa sababu alizungumza na wanaume wenzake kwa utani wao, bila kuwasomea tangazo la wizara.

Mimi nilitunga wimbo wa baba anayepanga mahari ya binti aliye darasa la saba, huku malipo ya tumbaku yake yakiwa bado yamekwama kwenye chama cha msingi cha ushirika. Nilipouimba Isevya, hapa Tabora mjini, kwa mara ya kwanza, mzee mmoja aliondoka kabla ya kiitikio cha pili, na jioni mkewe akanitumia salamu za shukrani. Hakuna tuzo iliyowahi kunipendeza kama salamu zile.

Kisha shirika moja likauomba kwa ajili ya kampeni yake. Wakamwondoa baba, wakaiondoa tumbaku, wakaweka kaulimbiu yao, na siku ya uzinduzi akaimba mtu mwingine kabisa. Nililipwa chakula cha mchana na fulana. Fulana ninayo, sijawahi kuivaa. Wimbo wao sijausikia tena tangu siku ile, ilhali wangu wanawake wa Isevya wanauimba wakitwanga.

Basi, mdogo wangu, mwimbie mtu, tena uanze kuimba mbele ya wale unaowasema, maana wao ndio watakaokuonyesha kwa nyuso zao kama umesema kweli. Andika mkataba kabla ya kuingia studio. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata asipokuwa na jina, lakini ukifika mbele ya hakimu utaulizwa ushahidi, kwa hiyo narudia: andika mkataba, hata kama anayekuagiza ni mjomba wako.

Na wenzangu mnaobadilisha jina la mgombea kwenye wimbo uleule kila uchaguzi, mkapokea bahasha pande zote mbili, acheni kulalamika kwamba wasanii hawaheshimiwi. Manju wa zamani alipewa ng'ombe, naye alikula nyama yake, lakini aliyempa ng'ombe hakuwa na uhakika wa kusifiwa msimu uliofuata.