Hayo Mabano Ndiyo Mchawi Wako

Kijana mmoja wa Makambako kaniandikia juzi: “Shikamoo kaka. Kitufe changu cha kuhifadhi kinajibonyeza chenyewe, ukurasa ukifunguka tu data inaingia. Nimeangalia video mpaka bando limekata.” Kila ninayemfundisha hapa Mbeya hukwama papo hapo, kwa hiyo namjibu hadharani.

Aliandika hivi kwa JavaScript, lugha inayoendesha kurasa kwenye kivinjari: kitufe.addEventListener('click', hifadhi()). Hapo hifadhi ni fanksheni, yaani kipande cha kodi chenye jina na kazi yake. Ukiweka mabano, umeamuru kazi ifanyike sasa hivi, na kivinjari kinaambulia jibu lake tu, mara nyingi undefined, yaani hakuna kitu. Andika hifadhi bila mabano, basi, kivinjari kitaiita chenyewe mtu akibonyeza. Kumpa bodaboda namba ya mteja si sawa na kumpigia mteja wewe mwenyewe. Ukitaka kupeleka na namba ya oda, andika () => hifadhi(namba).

Kwenye Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya PHP upande wa seva, mambo yanageuka. $mteja->oda inakuletea oda zenyewe. $mteja->oda() inakupa swali ambalo bado halijaulizwa kwenye hifadhidata. Ukitaka zisizolipwa tu, unaendelea na where(), na usipomalizia na get() hujapata oda hata moja.

Sasa niwaambie la Uyole. Mnunuzi mmoja wa viazi alitengenezewa mfumo wa risiti na watu wa Dar, kwa hela ndefu. Mimi niliomba ile kazi nikaambiwa wanatafuta “watu wazoefu”, si fundi wa mkoani. Haya. Risiti zikaanza kutoka, palipotakiwa jumla pameandikwa [object Promise]. Mkulima ameleta magunia yake toka Umalila, anaigeuza karatasi juu chini, anauliza hiyo ni shilingi ngapi! Nikaitwa. Aliyeiandika aliita fanksheni inayosubiri jibu la seva bila kuweka await, yaani “subiri”, akachapisha ahadi ya jibu (ndiyo hiyo Promise) badala ya hela. Neno moja, ndani ya fanksheni yenye async, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nililipwa, lakini lile la “wazoefu” bado linanikera.

Wengine mnaponzwa na PHP mliyoanzia, maana yenyewe haijali herufi kubwa wala ndogo kwenye majina ya fanksheni. JavaScript inajali. Ukiandika getElementByID utaambiwa si fanksheni, kwa kuwa ni getElementById, d ndogo.

Na vijana, someni era, ule ujumbe wa kosa! Imeshakutajia faili na mstari, wewe unakimbilia kuipiga picha na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Huo si ufundi, ni uvivu, na mteja hatakuvumilia kama ninavyokuvumilia mimi.

Kabla hujaniandikia, weka console.log(typeof hifadhi), ikuonyeshe hifadhi ni kitu cha aina gani. Ikitoka function, kagua mabano. Ikitoka undefined, jina umelikosea au faili halijapakiwa. Halafu nitumie maandishi, si picha.